Akimaliza Masomo Marekani, Atabaki kwa Ruhusa Gani?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wapo wazazi wanaofika katika ofisi ya mkuu wa shule, au kwa jirani anayefanya kazi wizarani, wakiwa na barua ya chuo cha ng'ambo mkononi. Mzazi wa namna hiyo huuliza mambo matatu: ada ni kiasi gani, mtoto atakula nini, na kama atapata kazi huko huko akimaliza. Maswali mawili ya kwanza hujibiwa kwa hesabu. La tatu hujibiwa kwa matumaini. Husemwa kwamba mtoto wa fulani alikaa, akajenga nyumba ya wazazi wake, basi na huyu atakaa na atajenga. Mazungumzo haya yanalihusu swali hilo la tatu. Yanaizungumzia zaidi nchi moja, Marekani, kwa sababu huko ruhusa ya mhitimu wa sayansi na teknolojia ina mafundo mengi, na kosa dogo la tarehe huweza kuharibu kazi ya miaka minne.

Neno la kwanza la kushika ni kwamba viza ya masomo ya Marekani haimpi mhitimu wa kigeni haki ya kubaki. Humfungulia nafasi ya kujifunza kazi, basi. Kijana anayeomba viza ya masomo iitwayo F-1 hutakiwa amridhishe ofisa wa ubalozi kwamba anayo makazi kwao ambayo hana nia ya kuyaacha. Asipomridhisha, hunyimwa. Safari yote, kwa hiyo, huanza kwa ahadi ya kurudi. Akishahitimu, huweza kuruhusiwa kufanya kazi inayohusiana na fani yake kwa miezi 12, na jina rasmi la ruhusa hiyo ni mafunzo ya hiari kwa vitendo. Vyuoni hujulikana kwa herufi tatu tu, OPT. Aliyesoma fani iliyomo katika orodha ya serikali ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati aweza kuomba miezi 24 zaidi. Jumla ni miezi 36. Kijana huihesabu kuwa ni miaka mitatu ya kuishi Marekani. Sheria huihesabu kuwa ni miaka mitatu ya kufundishwa kazi, na kila sharti linalofuata limezaliwa na hesabu hiyo ya sheria, si ya kijana.

Yafaa pia ijulikane ruhusa hii imesimama juu ya nini. Haikupitishwa na Bunge la Marekani kwa sheria yake yenyewe. Imejengwa kwa kanuni za serikali. Mafunzo ya namna hiyo yalikuwamo katika kanuni tangu mwaka 1947, na sura yake ya miezi 12 iliwekwa mwaka 1992. Aprili 2008 serikali ya Rais George W. Bush iliongeza miezi 17 kwa wahitimu wa sayansi na teknolojia. Chama cha wafanyakazi wa teknolojia wa jimbo la Washington kilikwenda mahakamani kulalamika kwamba wanachama wake wanashindanishwa na wageni, na Agosti 2015 jaji akaibatilisha nyongeza hiyo kwa sababu ilitolewa bila wananchi kupewa kwanza nafasi ya kutoa maoni. Serikali ya Rais Barack Obama iliiandika upya, safari hii kwa utaratibu, na kuanzia tarehe 10 Mei 2016 nyongeza ikawa miezi 24. Kesi haikuishia hapo. Oktoba 2022 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba serikali inayo mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo, na Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa.

Wapo waliofurahia hukumu hiyo kana kwamba OPT sasa imekita mizizi. Sivyo. Mahakama ilisema serikali yaweza kuiweka. Haikusema kwamba ni lazima iiweke. Mei 2025 mtu aliyeteuliwa kuongoza idara ya uraia na uhamiaji alieleza mbele ya Seneti kwamba angependa kuiondoa ruhusa ya kazi kwa wanafunzi baada ya masomo. Mzazi anayeuza shamba leo kwa kutegemea kazi ambayo mwanawe ataifanya miaka minne ijayo anategemea kanuni ambayo yaweza kuandikwa upya kabla mtoto hajafika mwaka wa tatu.

Sasa tazameni jinsi saa inavyokwenda. Mwanafunzi huruhusiwa kuomba OPT kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza programu yake, na mwisho ni siku 60 baada ya kumaliza. Hawezi kuomba kwa kuruka chuo: ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni huandika kwanza pendekezo lake katika daftari la serikali la wanafunzi, kisha ombi lenyewe lazima liifikie idara ya uhamiaji ndani ya siku 30 tangu pendekezo hilo. Kijana aliyeandikiwa pendekezo akalipeleka ombi siku ya 31 hukataliwa hata kama alama zake ni za juu katika darasa zima. Na hapaswi kuanza kazi, hata ya siku moja, kabla hajapata kitambulisho chake cha kibali cha kazi na kabla tarehe iliyoandikwa humo haijafika.

Tarehe hiyo ikishafika, huanza hesabu nyingine, nayo ndiyo inayowakosesha vijana usingizi. Katika miezi 12 ya kwanza mhitimu haruhusiwi kuwa bila kazi kwa zaidi ya siku 90 kwa jumla. Akipata nyongeza ya miezi 24, huongezewa siku 60, zikawa 150 kwa kipindi chote. Siku hizo hazihesabiwi kwa mfululizo. Hujumlishwa moja moja, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Anayepunguzwa kazini akiwa ameshatumia siku 80 hana miezi mitatu ya kutafuta kazi nyingine. Ana siku kumi. Katika kipindi kile cha kwanza upo mlango mdogo ambao wengi hawaujui: kazi ya kujitolea inayohusiana na fani, kwa saa zisizopungua 20 kwa wiki, huhesabiwa kuwa ni kazi, almuradi haivunji sheria za kazi. Kijana aliyezoeana vizuri na profesa wake, akakubaliwa kuendelea katika maabara bila malipo, huwa ameisimamisha saa. Katika nyongeza ya miezi 24 mlango huo haupo tena, kwani huko lazima alipwe.

Nyongeza yenyewe haiko mikononi mwa mwanafunzi peke yake. Mwajiri lazima awe amejiandikisha katika mfumo wa serikali wa kuhakiki wafanyakazi, uitwao E-Verify. Lazima aandike pamoja na kijana mpango wa mafunzo, unaoeleza atafundishwa nini, na nani, na atapimwaje. Wautie saini wote wawili. Kisha tathmini ifanyike mwaka wa kwanza unapotimia na mwisho wa kipindi. Mshahara usiwe chini ya ule wa Wamarekani wanaofanya kazi ya namna hiyo mahali hapo. Kila baada ya miezi sita kijana huthibitisha chuoni anakaa wapi na anafanya kazi wapi, na badiliko lolote kubwa hutolewa taarifa ndani ya siku 10. Yote haya ni karatasi. Lakini wapo waajiri wadogo wazuri ambao, wakiziona karatasi hizo, humwambia kijana kwa upole kwamba watamwajiri mwingine.

Hapo ndipo matapeli wanapoingia. Kijana aliyebakiwa na siku chache huambiwa ipo kampuni itakayomwandikia barua ya ajira kwa malipo, au kipo chuo kitakachomruhusu kufanya kazi tangu siku ya kwanza ya kujiandikisha. Ikumbukwe habari ya chuo kilichoitwa Farmington katika jimbo la Michigan. Kilikuwa na tovuti, nembo na ada, lakini hakikuwa na darasa wala mwalimu. Kilikuwa kimeundwa na maofisa wa uhamiaji wenyewe ili kuwanasa wanaonunua vibali. Kilipofichuliwa Januari 2019 kilikuwa na wanafunzi wapatao 600, wengi wao wakiwa wametoka India. Baadhi yao walikwisha kupata shahada halali katika vyuo halali. Inaweza kujadiliwa kama ni haki kwa serikali kutega mtego wa namna hiyo. Waliokamatwa, hata hivyo, waliondolewa nchini huku mjadala ukiendelea.

Jambo jingine ambalo mwalimu wa hapa aweza kulifanyia kazi kabla kijana hajapanda ndege ni jina la fani, au kwa usahihi zaidi, namba yake. Kila programu ya masomo katika vyuo vya Marekani ina namba ya tarakimu sita, na miezi ile 24 hutolewa kwa kufuata namba, si kwa kufuata jina linalopendeza katika cheti. Uchumi wa kawaida haumo katika orodha; uchumi wa takwimu na vipimo umo. Kwa sababu hiyo idara kadhaa za uchumi katika vyuo vikubwa zilibadilisha namba zao, masomo yakabaki karibu yale yale, na wanafunzi wao wa kigeni wakapata miaka miwili zaidi. Udaktari wa tiba haumo, ingawa hakuna atakayesema kwamba tiba si sayansi. Januari 2022 ziliongezwa fani 22, zikiwamo misitu, sayansi ya tabianchi na nishati itokanayo na mimea, ambazo ni fani zenye maana kubwa kwa nchi za kilimo. Vijana wawili waliotoka shule moja, wakasoma vitu vinavyofanana katika vyuo viwili, waweza kutofautiana kwa miezi 24 kwa sababu ya tarakimu ambayo hakuna aliyeiuliza.

Miezi 36 ikikaribia kwisha, mhitimu huhitaji hadhi nyingine, na iliyozoeleka ni ile ya mfanyakazi mwenye utaalamu, iitwayo H-1B. Iliwekwa na sheria ya mwaka 1990. Kiwango chake cha kawaida ni nafasi 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 kwa waliopata shahada za uzamili na kuendelea katika vyuo vya Marekani. Mwajiri ndiye anayeomba. Waombaji wakizidi nafasi, hupigwa bahati nasibu. Machi 2023 yaliwasilishwa majina zaidi ya 750,000, mengi yakiwa ni ya watu wale wale walioandikishwa na waajiri wawili, watatu au zaidi ili kuongeza bahati. Mwaka uliofuata utaratibu ulibadilishwa ili kila mtu ahesabiwe mara moja, na Machi 2025 idadi ilishuka hadi kama 344,000, wakachaguliwa kama 120,000. Kijana wa nyongeza ya sayansi ana faida hapa: miezi 36 humpa nafasi ya kujaribu bahati mara tatu, wakati mwenzake wa historia au wa sheria hujaribu mara moja, au mara mbili kama ni mwepesi.

Lakini mambo yamegeuka. Septemba 2025 Rais Donald Trump alitoa tangazo la miezi 12 linalomtaka mwajiri anayeomba H-1B mpya kwa mtu aliye nje ya Marekani alipe dola 100,000. Oktoba mwaka huo idara ya uhamiaji ilifafanua kwamba malipo hayo hayamgusi mwanafunzi aliye ndani anayebadilisha hadhi bila kutoka. Kisha Desemba 2025 ilitolewa kanuni ya kuipa uzito mishahara: jina la anayelipwa ngazi ya juu kabisa huingizwa mara nne katika uchaguzi, na la anayelipwa ngazi ya chini huingizwa mara moja. Nani hulipwa ngazi ya chini? Ni yule aliyetoka chuoni juzi. Ruhusa ya mafunzo humleta kijana mpaka mlangoni, halafu mlango umetengenezwa kwa kimo cha mtu aliyekwisha kukomaa kazini.

Vyuo vikuu, na taasisi za utafiti zisizofanya biashara, hazimo katika kiwango kile cha nafasi 65,000. Sheria ya mwaka 2000 iliziondoa. Zaweza kumwombea mtaalamu H-1B mwezi wowote, bila bahati nasibu. Mshahara wa huko ni mdogo kuliko wa makampuni ya kompyuta ya California, na pengine ndiyo sababu vijana hawaitazami njia hii mpaka wameshindwa nyingine. Kwa kijana mwenye moyo wa utafiti, aliyesoma bayolojia ya magonjwa ya mimea au kemia ya maji, hiyo ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote, na ujuzi wake ndio ambao nchi yake inauhitaji.

Kwa Mtanzania limeongezeka jambo ambalo lazima lisemwe waziwazi. Tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, liliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake walio nje, na wasio na viza hai, wanasimamishiwa baadhi ya viza, za wanafunzi zikiwamo. Burundi iliwekwa katika zuio la namna hiyo tangu Juni 2025. Kwa tangazo lenyewe, viza zilizokwisha kutolewa hazikufutwa. Masharti haya hupitiwa kila baada ya muda, na anayetaka kusafiri ayaulize upya ubalozini, asitegemee gazeti la mwezi uliopita. Kwa aliye huko tayari, maana yake ni nzito. Aliye katika mafunzo, ambaye viza yake katika pasipoti imekwisha muda, aweza kuendelea kukaa na kufanya kazi kihalali kwa kadiri ya hadhi yake. Lakini akitoka kuja kumzika mzazi, hana hakika ya kurudi kazini. Ndugu walioko nyumbani, wanaolalamika kwamba mtoto amewatupa, wangefaa kulijua hilo kabla ya kumhukumu.

Je, kuna kwingine? Kupo, na kwa uchache: Ujerumani humpa mhitimu wa vyuo vyake miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, akiruhusiwa kufanya kazi yoyote wakati anatafuta, hakuna bahati nasibu, na vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Tatizo ni lugha, na fedha za kujikimu ambazo lazima zionyeshwe mapema. Uingereza iliifuta ruhusa yake mwaka 2012, ikairudisha Julai 2021 kwa miaka miwili, na mitatu kwa wenye uzamivu, kisha ikaamua kwamba kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 ile miwili iwe miezi 18.

Mazungumzo ya kubaki hayakamiliki bila ya kurudi. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango ulioongozwa na Tom Mboya iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani, na hadi 1963 walikwenda karibu 800 kutoka Afrika Mashariki. Wengi walirudi kwa sababu uhuru ulikuwa unawasubiri na viti vya ofisini vilikuwa vitupu. Hata hivyo haikuwa rahisi kwa wote. Wangari Maathai, aliyekwenda mwaka 1960, alisoma bayolojia Kansas, akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akarudi Nairobi mwaka 1966 akiwa na ahadi ya kazi ya usaidizi wa utafiti. Alipofika akaambiwa nafasi imekwisha kupewa mtu mwingine. Ameyasimulia hayo mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Aliyemwokoa ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyempa kazi katika idara ya anatomia ya wanyama. Mwaka 1971 akapata uzamivu hapo hapo Nairobi; mwaka 2004 akapewa Nishani ya Nobeli ya Amani. Kama profesa yule asingekuwa na nafasi, historia ya misitu ya Kenya ingeandikwa vingine, na pengine na Mmarekani mmoja zaidi mwenye asili ya Nyeri.

Wanaoketi upande wa pili wa meza katika ofisi za leo ni ninyi, ndugu watumishi. Kijana anayerudi na shahada ya uhandisi na miaka mitatu ya kazi kiwandani huhitaji cheti chake kitambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, na jina lake liandikwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Barua yake ikikaa mezani miezi minane, yeye anaijua nchi iliyomhesabia siku 90, na sasa ameijua nyingine ambayo haihesabu kabisa. Wapo pia waliosomeshwa kwa fedha za serikali, ya kwao au ya Marekani, kwa viza ya mabadilishano iitwayo J-1. Wengi wa hao sheria huwataka wakae kwao miaka miwili kabla ya kuomba H-1B au ukazi wa kudumu. Miaka miwili hiyo ni fursa ambayo ofisi za hapa zaweza kuitumia, au kuiacha ikapita hivi hivi huku mtaalamu akifundisha masomo ya jioni na kuhesabu miezi yake ya kuondoka.

Kwa upande wa shuleni, lipo jambo dogo linaloweza kuanza muhula huu. Mzazi akija na barua ya chuo, mwalimu amwombe aiandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo hicho maswali manne: programu hii ina namba gani, na namba hiyo imo katika orodha ya sayansi na teknolojia, wahitimu wenu wa kigeni wa mwaka jana waliajiriwa wapi, mazoezi ya kazi wakati wa masomo yatampunguzia mwanafunzi ruhusa ya baadaye, kwa kuwa miezi 12 ya mazoezi ya kutwa nzima huifuta OPT ya ngazi hiyo, na raia wa nchi hii, kwa tarehe ya leo, anapewa viza. Barua ya namna hiyo hujibiwa, mara nyingi ndani ya wiki moja, na ada huwa bado iko benki.